Shilingi Nane kwa Kila Mtoto

Mnamo mwaka 1862 serikali ya Uingereza, kwa shauri la Robert Lowe, aliyekuwa na dhamana ya mambo ya elimu, ilitoa kanuni ambayo kwayo shule za watoto wa makabwela zilipewa ruzuku kwa kadiri ya mitihani: shilingi 4 kwa kila mtoto kwa wastani wa mahudhurio, na shilingi 8 kwa kila mtoto aliyehudhuria zaidi ya mara 200, ambazo zilikatwa shilingi 2 na peni 8 kwa kila somo aliloshindwa, kusoma, kuandika au hesabu. Daraja zilikuwa sita. Katika ya kwanza mtoto alitakiwa kuzijua tarakimu mpaka 20, na katika ya sita kusoma kifungu cha gazeti.

Siku ya mkaguzi, aliyekuja kuwatahini watoto, ikawa siku ya khofu, kwani riziki ya mwalimu aghalabu ilifungamana na majibu ya watoto, nao wakahifadhishwa kitabu kizima kwa moyo pasipo kukifahamu, jambo ambalo Matthew Arnold, naye mkaguzi, alilipinga waziwazi. Na mzazi, aliyetoa peni zake za ada kila juma? Hesabu ya majibu hayo ilipelekwa serikalini, si kwake, nami naiona hiyo kuwa dhulma iliyo kubwa kuliko ile ya mitihani yenyewe.

Utaratibu huo ulilegezwa mwaka 1890 na kufutwa kabla ya karne kwisha; lakini zile daraja zilivuka bahari pamoja na utawala, hata wazazi wa Tanganyika, katika miaka ya 1950, wakawa wanaungojea mtihani wa darasa la nne, uliomchagua mtoto wa kuendelea na kumrudisha mwenziwe nyumbani.