Rureke wa Bese, Mzee Aliyecheza Mtoto

Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, eneo la Walikale, mashariki mwa Kongo, mwanamume aliyevuka miaka hamsini alisimama mbele ya watu na kwa siku 12 akawa mtoto mchanga. Aliitwa Candi Rureke. Watu wa huko, Wanyanga, walimtambua kwa cheo cha She-Karisi, bingwa wa karisi, ule utenzi mrefu wa mashujaa unaosimuliwa, kuimbwa na kuchezwa huko magharibi ya Masisi, milima inaposhuka kuingia msituni.

Mtoto huyo ni Mwindo. Babake, chifu Shemwindo wa Tubondo, alikuwa amewaonya wake zake saba: pasizaliwe wa kiume. Alitaka mabinti, na mahari yao. Mwindo akazaliwa vilevile, akapitia kidole cha kati cha mamake, na siku hiyohiyo anatembea, anasema, usinga mkononi. Anazikwa hai, anatoka. Anafungiwa ndani ya ngoma na kutupwa majini. Ngoma inashika njia ya kwa shangazi yake Iyangura. Baadaye ni chifu mzima anayekimbia, hadi kuzimu, na mwanawe nyuma yake.

Kumcheza mtoto wa namna hiyo si kazi ya mtoto. Msimulizi hutikisa kibuyu kwa mkono mmoja, ameshika usinga kwa mwingine, njuga miguuni, naye ndiye Mwindo, pigo kwa pigo. Katikati ya kisa hujichomeka mwenyewe: hujisifu, huwatania waliokaa, na Rureke hakumwacha hata karani aliyekuwa akiandika. Watu huitikia nyimbo na kumtunza kwa shanga na chakula.

Vijana wako pembeni. Watatu hupiga kwa vijiti gongo kavu lililolazwa juu ya vijiti vingine, na miongoni mwao huwemo anayejifunza. Hana sifa yoyote bado. Kazi yake ni mapigo, na masikio. Rureke naye alijifunza hivyo ujanani, akimfuata fundi wake Kanyangara. Kwa Wanyanga, aliyeshika karisi hupata kinga dhidi ya maradhi na kifo, kwa kuwa Karisi ni pepo pia, na hupenda kuimbwa. Kijana alikuwa na sababu ya kuvumilia.

Aliyeuandikisha utenzi wa Rureke ni Mbelgiji Daniel Biebuyck, akisaidiwa na Wanyanga. Rureke alisisitiza kwamba hakuwahi kabla ya hapo kuutoa utenzi wote kwa siku mfululizo. Desturi ni kutoa kipande leo, kingine siku nyingine. Kwa hiyo kitabu kilichochapwa California mwaka 1969, Biebuyck akishirikiana na Kahombo Mateene, kina kitu ambacho Bese yenyewe haikuwa imekizoea: kisa kizima, mwanzo hadi mwisho. Mapigo ya vijana hayakuingia kurasani, na hiyo ni hasara kubwa. Lakini jina la msanii liliingia, jambo ambalo wakusanyaji wengi wa zama za ukoloni hawakujali.

Mwaka 1978 Biebuyck alitoa tenzi nyingine tatu za Wanyanga, za wasimulizi wengine, na shujaa hafanani kote. Mwindo wa Rureke anapandishwa mbinguni kwa kumuua joka, rafiki wa Nkuba mwenye radi. Huko anateswa kwa baridi na jua, anakatazwa kuua ovyo, ndipo anarudishwa Tubondo kutawala.