Kuelea si kukosa uzito

Mtu wa pwani akiambiwa kwamba wanaanga huelea ndani ya chombo chao, haulizi zaidi. Kuelea anakujua. Ngalawa huelea, nazi iliyoangukia Mto Pangani huelea mpaka baharini, na mtoto anayefundishwa kuogelea huambiwa kwanza alale chali aelee. Ndiyo maana neno hili limekubalika redioni na magazetini bila ubishi, na kwa habari ya kawaida halina ubaya. Ubaya huanza tunapotaka kueleza yanayozipata seli za kiumbe hai huko juu. Hapo kuelea hutupoteza njia, na mwanafunzi aliyelishika neno hilo peke yake hataelewa kwa nini wataalamu wanahangaika kupeleka seli angani.

Tuanze na uzito wenyewe. Katika mazungumzo ya kila siku uzito ni kilo. Fizikia inatenganisha mambo mawili: tungamo, yaani kiasi cha mata kilichomo katika kitu, na uzito, yaani nguvu ya dunia inayokivuta kitu hicho, ambayo sisi huihisi pale tu kitu kinapoegemea kingine; uzito huo unaohisiwa ndio tunaouzungumzia hapa. Changu aliyenunuliwa soko la samaki la Deep Sea, Tanga, akipelekwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, tungamo lake halitapungua hata chembe, lakini akitundikwa kwenye mzani, mshale utasimama kwenye sifuri.

Wengi wanadhani sababu ni kwamba mvutano wa dunia haufiki huko. Unafika sana. Kituo hicho kiko kama kilomita 400 juu yetu, umbali usiozidi safari ya basi kutoka Tanga hadi Arusha, na hapo mvutano bado ni takribani asilimia 90 ya huu tulio nao ardhini. Kinachotokea ni kwamba kituo kinaanguka. Kinaanguka mchana na usiku, pamoja na watu, maji, hewa na mizani iliyomo. Ila kinakwenda kwa kasi ya takribani kilomita 28,000 kwa saa, na kwa kuwa dunia ni mviringo, ardhi inazidi kujipinda chini yake na anguko halifiki mwisho. Samaki anaanguka, mzani unaanguka naye, hakuna anayemwegemea mwenzake. Hali hiyo ndiyo mwanguko huru.

Sasa tushuke baharini, kwa sababu Tanga ina mfano ambao sehemu nyingi hazina. Tangu mwaka 2004 wavuvi wa Tanga wamekuwa wakiwanasa silikanti katika majarife yanayotegwa kina kirefu, samaki ambao hadi mwaka 1938 wataalamu walidhani walitoweka duniani miaka zaidi ya milioni 60 iliyopita. Mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Samaki huyu ana kiungo kilichojaa mafuta kinachomsaidia kuning'inia majini, hazami wala hapandi, akitumia nguvu kidogo mno. Ukitafuta kiumbe anayeelea kwa ukamilifu, ni huyu.

Hata hivyo silikanti ana uzito. Maji yanamshikilia kwa nje, lakini ndani ya mwili wake kila kitu bado kinaelemea chini. Ndani ya masikio yake, kama ilivyo kwa samaki wengine, mna vijiwe vinavyokandamiza vinyweleo vya seli za hisi, na kwa mkandamizo huo anajua juu ni wapi na chini ni wapi hata akiwa gizani pangoni. Mwaka 1973 samaki wadogo walipelekwa katika kituo cha anga cha Marekani kilichoitwa Skylab. Walikuwa ndani ya maji yao kama kawaida, lakini walianza kuogelea kwa kuzunguka duara, kwani vijiwe vya masikio havikuwa vinakandamiza tena kitu. Samaki wale walikuwa majini wakati wote. Kama kuelea na kukosa uzito ni jambo moja, wasingebabaika.

Tofauti hiyo inafika hadi ndani ya seli moja. Ipo mikokoni mifano ya kutosha. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado mtini, ikawa fimbo ndefu ya kijani, kisha hudondoka. Nyingine hujichoma wima matopeni. Nyingine hulala ubavu, nazo baada ya muda hutoa mizizi kuelekea chini na kujiinua zisimame. Nani aliziambia chini ni wapi? Katika ncha ya mzizi wa mmea mna seli zenye punje nzito za wanga. Punje hizo huzama hadi sakafu ya seli, na ukiulaza mzizi, huporomokea upande mpya, na seli hupeleka kemikali za kuupinda mzizi ushuke. Maji yakijaa mikokoni na kuizunguka mbegu yote, punje zile bado zitazama. Katika mwanguko huru hazizami, kwa sababu zinaanguka pamoja na sakafu yao. Mizizi iliyooteshwa angani bila mwanga wa kuiongoza hutawanyika ovyo.

Seli za binadamu nazo zinaguswa. Mwaka 1983 timu ya mtafiti Augusto Cogoli ilipeleka limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu, katika maabara ya angani ya Spacelab. Chembe hizi zikichochewa na kemikali fulani huamka na kugawanyika, kama zinavyofanya mwili unapovamiwa na vijidudu. Kule juu mwamko wao ulikuwa chini ya asilimia 3 ya ule wa chembe zilizobaki ardhini. Matokeo hayo yalishtua, na yanastahili kushtua: seli ni ndogo mno, na wengi walikuwa wameamini kwamba uzito wake hauna maana.

Sababu zake hazijipangi kirahisi. Seli ina kiunzi cha nyuzi za protini kinachobeba umbo lake, na mzigo ukiondoka kiunzi hujipanga upya. Vilevile mazingira ya seli hubadilika. Ardhini kimiminika chenye joto hupanda, kizito hushuka, na mchanganyiko huo huiondolea seli taka na kuiletea chakula. Katika mwanguko huru hakuna kupanda wala kushuka. Kila kitu husubiri kusambaa polepole chenyewe, na seli hukaa katikati ya uchafu wake.

Mfupa unataka tahadhari kidogo. Wanaanga wasipofanya mazoezi makali hupoteza takribani asilimia 1 hadi 1.5 ya madini ya mfupa wa nyonga kila mwezi, kwa kuwa seli zinazobomoa mfupa huendelea na kazi huku zinazojenga zikilegea. Kwa mfupa, ambao husikiliza mzigo wa mwili mzima, kuelea majini na mwanguko huru vinakaribiana. Kwa seli moja moja havikaribiani.

Uchunguzi wa namna hii unaendelea katika maabara ya Japani iitwayo Kibo, iliyounganishwa na Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2008. Kwa Kijapani jina hilo ni tumaini. Sisi tunalijua kama kilele cha Kilimanjaro, na ni kutoka maabara hiyo satelaiti ndogo ya kwanza ya Kenya iliachiwa tarehe 11 Mei 2018. Kibo ina kifaa cha kuoteshea seli chenye sehemu inayozunguka kwa kasi na kuzirudishia seli uzito wa ardhini, pembeni ya zile zisizo nao. Tofauti ikionekana kati ya makundi hayo, haiwezi kusingiziwa mtikisiko wa roketi wala mnururisho wa angani.

Limebaki neno mikrograviti, linalotumika kuitaja hali hii. Baadhi hulitafsiri kwa mvutano hafifu, nami naona tafsiri hiyo inarudisha kosa lile lile, maana mvutano wa asilimia 90 si hafifu. Kilicho hafifu ni uzito unaohisiwa, unaobaki kama sehemu moja ya milioni kwa sababu ya hewa nyembamba inayokikwaruza kituo na mitikisiko ya mitambo. Kwa hiyo tuseme uzito hafifu tunapotaja hali, na mwanguko huru tunapotaja chanzo chake. Kuelea tukuachie silikanti na ngalawa. Nawaomba walimu wa biolojia na fizikia, wa Tanga na kwingineko, wayafundishe maneno haya mawili pamoja, na neno mvutano hafifu waliondoe kwenye madaftari.