Njiti, Mashine na Mama

Wodi ya watoto njiti ina asili yake katika bustani ya wanyama. Mwishoni mwa miaka ya 1870, Stéphane Tarnier, daktari wa uzazi katika hospitali ya Maternité mjini Paris, aliona huko mashine za kutotolesha vifaranga, akamwomba fundi wa bustani hiyo, Odile Martin, aunde ya watoto. Likatoka sanduku lenye kuta mbili, maji ya moto chini, watoto juu. Awali, katika kila watoto 100 waliozaliwa chini ya kilo mbili, walikufa 66. Sasa wakawa 38. Dawa mpya haikuwepo. Joto tu.

Mrithi wake, Pierre Budin, aliona hasara iliyojificha: mama anayetengwa na mwanawe hukaukiwa maziwa, na wengine huacha hata kumtembelea. Alitaka mama akae karibu, anyonyeshe. Wengi walichukua mashine, ushauri wakauacha.

Aliyeichukua kwa kishindo ni Martin Couney, mtu ambaye cheti chake cha udaktari hakijaonekana mpaka leo. Kuanzia 1903 hadi 1943 aliendesha banda la njiti huko Coney Island, New York, katikati ya mabembea na wauza soseji. Watazamaji walilipa senti 25. Wazazi hawakutozwa kitu. Muuguzi wake mkuu, Louise Recht, alikuwa akivua pete yake ya almasi na kumvisha mtoto mkononi hadi kwenye kifundo, umati ukaguna. Wanawake walioajiriwa kunyonyesha walikatazwa soseji za jirani, na aliyebambwa akila alifukuzwa kazi. Ni biashara ya kutia kinyaa, lakini hospitali nyingi za Marekani wakati huo hazikuwa na pa kuwaweka watoto hao, na Couney alidai ameokoa 6,500 kati ya 8,000. Kasoro ilikuwa ileile aliyoiona Budin: wazazi wengine walisita kuja kuwachukua.

Ikafuata oksijeni, iliyotolewa bila kipimo katika miaka ya 1940. Watoto wapatao 10,000 walipofuka kabla ya utafiti wa 1953 na 1954 kuthibitisha chanzo. Hospitali zikaibana, na wengine wakafa kwa kuikosa.

Mwaka 1959 Mary Ellen Avery alieleza kwamba mapafu ya njiti hukosa utando unaozuia vifuko vya hewa kusinyaa. Kujua hakukutosha: Agosti 1963 Patrick, mtoto wa Rais Kennedy, mwenye kilo 2.1, alifariki akiwa na siku mbili. Mwaka 1971 ndipo George Gregory wa San Francisco alipoonyesha kuwa hewa ya shinikizo dogo lisilokatika huyaweka mapafu wazi.

Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, mashine za joto, yaani inkubeta, hazikutosha. Daktari Edgar Rey Sanabria akawaambia akina mama wawabebe njiti kifuani, ngozi kwa ngozi. Kwa miaka mingi njia hii ya kangaruu ilidharauliwa kama tiba ya maskini. Halafu ukaja utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania: waliobebwa mara tu baada ya kuzaliwa, wengine wakiwa bado na mipira ya hewa puani, walikufa 12 katika 100, waliosubiri kwanza hali itulie, karibu 16. Kikwazo sasa ni nafasi, maana wodi nyingi zilijengwa kwa kipimo cha inkubeta, na kitanda cha mama hakiingii.