Hadithi za mashabiki: Jinsi watunzi wanavyopokea sifa na lawama

HADITHI za mashabiki ni tungo zinazoandikwa na wapenzi wa kitabu, filamu au kipindi cha televisheni kwa kuwaazima wahusika ambao tayari wanajulikana. Mtunzi humchukua Harry Potter au Sherlock Holmes, akamtia katika kisa kipya ambacho mwandishi asilia hakukiwaza, kisha akakitoa bure kwa mashabiki wenzake.

Hutolewa bure kwa kuwa wahusika hao si mali ya mtunzi. Wengi wao wangali wanalindwa na sheria ya hakimiliki, na anayethubutu kuuza kisa chake aweza kujikuta mahakamani. Kwa hivyo, ujira anaoutazamia ni neno la msomaji. Hapo ndipo ulipozuka mzozo ambao haujatulia hadi leo: je, aliyepewa zawadi ana haki ya kuitia kasoro?

Fani hii ilipata sura yake ya kisasa nchini Marekani, baada ya kipindi cha Star Trek kuanza kuonyeshwa mwaka wa 1966. Mwaka uliofuata, mashabiki walichapisha kijarida walichokiita Spockanalia. Vijarida vya aina hiyo viliuzwa kwa bei ya kurudisha gharama tu, na aliyechangia hadithi aghalabu aliambulia nakala moja ya bure.

Wasomaji walituma barua za maoni kwa njia ya posta, naye mhariri akazichapisha katika toleo lililofuata. Barua hizo zilichukua majuma mengi kufika na zilibeba jina la mwenyewe. Isitoshe, waliohasimiana kwa kalamu huenda wangekutana ana kwa ana kwenye makongamano ya mashabiki. Ukali ulikuwapo, lakini ulikuwa na mwenyewe wa kuujibia.

Ukosoaji uliovuma kuliko wote katika enzi hiyo ulikuja kwa njia ya mzaha. Mwaka wa 1973, Paula Smith alichapisha katika kijarida cha Menagerie kisa kifupi mno kuhusu Luteni Mary Sue, msichana wa miaka 15 na nusu. Binti huyo ni hodari wa kila jambo, anapendwa na kila mtu chomboni, na hatimaye anafariki huku mashujaa wote wakimlilia.

Smith alikusudia kukejeli visa vingi vya namna hiyo ambavyo mashabiki walikuwa wakiviandika. Kejeli yenyewe ilikuwa na haki yake. Hata hivyo, jina Mary Sue liligeuka rungu. Muda si muda, karibu kila mhusika wa kike mwenye akili au ujasiri alibandikwa jina hilo.

Mtafiti Camille Bacon-Smith, katika kitabu chake Enterprising Women cha mwaka wa 1992, alionyesha kwamba baadhi ya wanawake walikuwa wakiogopa kubuni mhusika wa kike wasije wakachekwa. Ikumbukwe kwamba wengi wa watunzi wa fani hii ni wanawake, na wengine ni wasichana wanaoshika kalamu kwa mara ya kwanza. James Bond hufanya maajabu yaliyo makubwa zaidi, na ni nadra kusikia mwandishi wake akisutwa kwayo.

Zama za intaneti

Tovuti ya FanFiction.Net ilipoanzishwa mwaka wa 1998, uhusiano wa mtunzi na msomaji ulibadilika kwa ghafla. Mhariri aliondolewa katikati. Mtoto wa miaka 13 aliweza kutoa hadithi yake asubuhi na kupata maoni kabla ya jioni, mengine kutoka kwa watu wasiotaja majina yao. Matusi ya wasomaji wa aina hiyo yalipewa jina la ndimi za moto.

Watunzi walijikinga kwa njia mbalimbali. Wapo waliotanguliza tahadhari juu ya kila sura, wakiomba wasishambuliwe. Wengine waliwajibu wakosoaji hadharani, na mara nyingi wakajiletea kejeli zaidi. Ndivyo ilivyokuwa kwa My Immortal, hadithi ya Harry Potter iliyotolewa kati ya 2006 na 2007. Maneno ya mtunzi dhidi ya waliomshambulia yalipata umaarufu sawa na kisa chenyewe, ingawa wapo wanaoamini kwamba yote yalikuwa mchezo wa makusudi.

Njia iliyozaa matunda zaidi ni ya kumtafuta msomaji wa awali. Huyu ni shabiki mwenzake mtunzi anayeipitia hadithi kabla haijatolewa, akasahihisha sarufi, akauliza maswali, na kusema wazi pale mambo yasipooana. Watunzi humwita beta, istilahi iliyoazimwa kutoka kwa watengenezaji wa programu za kompyuta. Kwa beta, mtunzi hukubali maneno makali ambayo asingeyavumilia kwa mpita njia. Tofauti haimo katika maneno, bali katika kwamba huyu ameombwa.

Kwa namna hiyo uhakiki ulihama. Uliokuwa ukifanywa baada ya kuchapisha sasa hufanywa kabla, faraghani, na baada ya hapo kinachotazamiwa ni pongezi. Mtindo huu umekita mizizi katika Archive of Our Own, hifadhi iliyofunguliwa kwa umma mwaka wa 2009 na ambayo sasa ina hadithi zaidi ya milioni 10. Humo kuna kitufe cha kumpongeza mtunzi, lakini hakuna cha kumwonyesha kutoridhika, na mtunzi ana uwezo wa kufuta maoni yasiyomfaa. Desturi ya wengi humo ni kwamba msomaji asikosoe pasipo kuombwa.

Si wote wanaoridhika na desturi hiyo. Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wapo watunzi wakongwe wanaolalamika kwamba sifa tupu haziwafunzi chochote. Baadhi yao hutangaza waziwazi kwamba wanakaribisha uhakiki, hata ulio mchungu.

Hata hivyo, utafiti hauonyeshi kwamba upole umewadumaza waandishi. Cecilia Aragon na Katie Davis wa Chuo Kikuu cha Washington walichunguza mabilioni ya maneno yaliyotolewa katika FanFiction.Net, na kuandika matokeo katika kitabu Writers in the Secret Garden cha mwaka wa 2019. Walibaini kwamba matusi yalikuwa haba mno, na kwamba kadiri mtunzi alivyopata maoni mengi ndivyo msamiati wake ulivyopanuka. Vipande vidogo vidogo vya ushauri kutoka kwa watu wengi vilifanya kazi ya mwalimu mmoja.

Mfano wa kugusa moyo umo katika uchunguzi wa Rebecca Black kuhusu msichana aliyemwita Nanako, aliyehamia Canada kutoka China na kuanza kuandika kwa Kiingereza kilichokuwa kigeni kwake. Aliwaomba wasomaji radhi mapema kwa makosa ya lugha. Walimsahihisha, lakini wakitanguliza kumsifu kwa kisa alichokibuni, naye akaendelea kuandika kwa miaka.

Mambo hubadilika pindi hadithi inapoingia sokoni. Riwaya ya The Love Hypothesis ya Ali Hazelwood, iliyochapishwa mwaka wa 2021, ilianza kama hadithi ya mashabiki wa Star Wars, na mnunuzi aliyeilipia haombi ruhusa ya mtu kabla ya kuikosoa. Kinachowaudhi watunzi wengi wasiouza ni kuona hadithi zao za bure zikiorodheshwa katika tovuti kama Goodreads na kupewa nyota moja au mbili, kana kwamba nazo zilitozwa bei. Wapo walioomba ziondolewe huko.