Nguzo ya Usukani na Kelele Zake

Magari mengi ya mwanzo yaliongozwa kwa kana, kama mashua. Mwaka 1894, katika mashindano ya Paris hadi Rouen, Alfred Vacheron alifunga usukani wa duara kwenye Panhard yake. Kwa miongo mingi nguzo ya usukani ilibaki fimbo ngumu, na katika ajali iliweza kumchoma dereva kifuani: kasoro ya kutisha iliyovumiliwa mno. Magari ya General Motors ya mwaka 1967 yalikuja na nguzo inayojikunja inapogongwa. Vipande vyake vinavyoteleza, pamoja na krosi (viungio vya msalaba) na bushi, huchakaa na kugonga. Ili kupata chanzo cha kelele, msaidizi huzungusha usukani kushoto na kulia, fundi akishika kila kiungio. Krosi iliyolegea hubadilishwa, kwani grisi huituliza kwa muda tu.