Soka la wanawake lapanda, mgawo wa fedha wabaki nyuma

KATIKA wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, msichana mwenye kipaji cha kukimbia ana ndoto ambayo thamani yake kwa fedha inajulikana. Katika mashindano ya dunia ya riadha yaliyofanyika Tokyo, Japan, Septemba 2025, kila aliyetwaa medali ya dhahabu katika mchezo wa mtu mmoja mmoja alistahili dola 70,000 za Marekani, awe mwanamume au mwanamke.

Mtanzania Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa jirani wa Singida, alishinda marathoni ya wanaume. Mkenya Peres Jepchirchir alishinda ya wanawake. Zawadi zao zilikuwa sawa, na hakuna aliyeuliza kwanza ni mbio zipi kati ya hizo mbili zilizotazamwa na watu wengi zaidi.

Msichana wa Katesh au Dongobesh anayeamua kuvaa daluga badala ya viatu vya mbio anaingia katika hesabu nyingine kabisa. Soka la wanawake nchini limepanda kwa kasi ambayo wachache waliitarajia miaka ya 2000, lakini fedha zake hazijapanda kwa kasi hiyo, na mjadala wa malipo sawa unaoendelea duniani unamhusu yeye moja kwa moja.

Tofauti kati ya michezo hii miwili ina uzito wa pekee katika wilaya hizi, kwa kuwa hii ni ardhi ya wanariadha. Kutoka Mbulu alitoka John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akaendelea hadi mwisho na kumaliza wa 57, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Katesh, mji ulio chini ya Mlima Hanang wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, ndiko alikozaliwa Gidamis Shahanga, bingwa wa marathoni wa Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1978 na wa mita 10,000 mwaka 1982. Jirani yao, Filbert Bayi wa Karatu, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch, New Zealand, mwaka 1974.

Orodha hiyo ya enzi za dhahabu ni ya wanaume watupu, na sababu yake haikuwa miguu ya wanawake wa Kiiraqw na Kidatoga. Akhwari alipokuwa akichechemea Mexico, mbio ndefu kuliko zote zilizoruhusiwa kwa wanawake katika Olimpiki zilikuwa mita 800. Mita 1,500 kwa wanawake ziliingizwa mwaka 1972, marathoni mwaka 1984 na mita 10,000 mwaka 1988. Dada wa Akhwari, hata kama angekuwa na mapafu kuliko kaka yake, hakuwa na mbio za kukimbia.

Usawa uliopo leo katika riadha, basi, haukushuka kutoka mbinguni. Uliamuliwa. Mashindano ya dunia yalipoanza kutoa zawadi za fedha taslimu mwaka 1997, kiwango kiliwekwa kimoja kwa jinsia zote. Marathoni kubwa za dunia nazo hulipa hivyo: Boston, ambako Watanzania Gabriel Geay na Simbu walishika nafasi ya pili mwaka 2023 na 2025, hutoa zawadi zilizo sawa kwa wanaume na wanawake. Septemba 2023 Magdalena Shauri alimaliza wa tatu katika Berlin Marathon kwa saa 2:18:41, muda ambao ulikuwa rekodi mpya ya taifa kwa wanawake. Kwa matokeo ya namna hiyo mwanamke hahitaji kufanya mazungumzo na mtu yeyote juu ya stahili yake, kwani jedwali la zawadi limekwisha kuchapishwa kabla ya bunduki kulia.

Katika soka mambo si mepesi hivyo, ingawa mafanikio yapo.

Timu ya taifa ya wanawake, Twiga Stars, ilifuzu kwa mara ya kwanza fainali za Afrika mwaka 2010 baada ya kuzitoa Ethiopia na Eritrea. Ilikwenda Afrika Kusini, ikapoteza mechi zote tatu, na ikakaa miaka 15 bila kurudi. Katikati hapo haikulala. Ilitwaa Kombe la Afrika Mashariki na Kati mwaka 2016 nchini Uganda na tena mwaka 2018 nchini Rwanda, kisha mwaka 2021 ikaalikwa katika michuano ya nchi za Kusini mwa Afrika na kuondoka na kombe la wenyewe kwa kuifunga Malawi bao 1-0.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa neema zaidi. Serengeti Girls, timu ya wasichana chini ya miaka 17, ilishiriki Kombe la Dunia nchini India, ikaifunga Ufaransa mabao 2-1, ikatoka sare na Canada na kufika robo fainali, ambako ilitolewa na Colombia. Hakuna timu ya taifa ya wanaume ya Tanzania, ya umri wowote, iliyowahi kufika hapo. Mwaka huo huo Simba Queens ilimaliza ya nne katika Ligi ya Mabingwa ya Afrika kwa wanawake nchini Morocco.

Twiga Stars ilirejea katika fainali za Afrika Julai 2025, pia nchini Morocco. Ilifungwa na Mali na Ghana, lakini katikati ya vipigo hivyo iliilazimisha Afrika Kusini, waliokuwa mabingwa watetezi, sare ya bao 1-1, bao la Tanzania likifungwa na Opa Clement. Miezi michache baadaye ikakata tiketi ya fainali zinazofuata. Wachezaji nao wamevuka mipaka: Aisha Masaka alijiunga na BK Häcken ya Sweden mwaka 2022 na Brighton ya Uingereza mwaka 2024, wakati Clara Luvanga alisajiliwa na Al Nassr ya Saudi Arabia mwaka 2023.

Fedha zinasimulia habari tofauti. Katika Kombe la Dunia la wanaume la mwaka 2022, Shirikisho la Soka la Kimataifa, FIFA, lilitenga zawadi za dola milioni 440. Kwa wanawake mwaka 2023 zilikuwa dola milioni 110, yaani robo. Ni haki kukumbusha kwamba mwaka 2019 zilikuwa dola milioni 30 tu, hivyo hatua ilipigwa. Barani Afrika pengo ni pana zaidi: bingwa wa fainali za wanaume za 2023 alipewa dola milioni 7, na bingwa wa wanawake katika fainali za Morocco alipewa dola milioni 1. Kwa klabu, mwaka 2023 bingwa wa Ligi ya Mabingwa ya wanaume alipata dola milioni 4 na wa wanawake dola 400,000. Sehemu moja ya kumi.

Neno malipo sawa hutumiwa kana kwamba ni jambo moja, na hapo ndipo mjadala mwingi hupotea njia. Yapo mambo matatu. La kwanza ni posho na bonasi za timu ya taifa, ambazo hulipwa na shirikisho la nchi. La pili ni zawadi za mashindano, zinazotoka FIFA au Shirikisho la Soka Afrika, CAF, na kupitia kwa shirikisho la nchi kabla ya kumfikia mchezaji. La tatu ni mishahara ya klabu, inayotegemea mikataba, wadhamini, haki za televisheni na viingilio.

Katika jambo la kwanza nchi kadhaa zimekwisha kuamua. Norway ilikubaliana mwaka 2017 kulipa timu zake mbili za taifa kiwango sawa, huku wachezaji wa kiume wakiachia sehemu ya mapato yao ya matangazo. Marekani ilichukua njia ndefu: wachezaji wanawake walifungua kesi Machi 2019, wakafikia suluhu ya dola milioni 24 Februari 2022, na miezi mitatu baadaye mikataba mipya ikaunganisha hata zawadi za Kombe la Dunia za timu zote mbili na kuzigawa nusu kwa nusu. Matokeo yake yalichekesha wengi. Wanaume wa Marekani walipoishia hatua ya 16 bora nchini Qatar, mgao uliowaangukia wanawake ulizidi zawadi ambazo shirikisho lao lilipata kwa wao kutwaa ubingwa wa dunia mara mbili, mwaka 2015 na 2019.

Afrika mjadala umekuwa wa chini zaidi, nao huhusu kulipwa kwanza kabla ya kulipwa sawa. Wachezaji wa Nigeria waliandamana mjini Abuja Desemba 2016 wakidai posho zao, wiki chache baada ya kutwaa ubingwa wa Afrika. Wale wa Afrika Kusini walisusia mechi ya kirafiki dhidi ya Botswana Julai 2023, siku chache kabla ya kupanda ndege kwenda Kombe la Dunia.

Hoja inayotolewa dhidi ya usawa ni ya soko, kwamba anayeleta watazamaji wengi alipwe zaidi. Kwa mishahara ya klabu hoja hiyo ina nguvu na haifai kupuuzwa. Mkataba ambao Azam Media iliusaini na Shirikisho la Soka Tanzania, TFF, Mei 2021 kwa ajili ya Ligi Kuu ya wanaume ulikuwa wa Sh bilioni 225.6 kwa miaka 10, na fedha hizo zilifuata macho ya watu.

Hata hivyo, soko lina historia yake. Desemba 26, 1920, watu wapatao 53,000 walijaa uwanja wa Goodison Park, Liverpool, kutazama mechi ya wanawake. Mwaka uliofuata chama cha soka cha Uingereza kikazifungia timu za wanawake kutumia viwanja vya wanachama wake, na zuio hilo likadumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Anayeuliza leo kwa nini watazamaji wa soka la wanawake ni wachache anapaswa kuongeza nusu karne hiyo katika hesabu. Vizuizi vilipoondoka na viwanja vikubwa vikafunguliwa, watu walirudi: Aprili 2022 watazamaji 91,648 waliishuhudia Barcelona ya wanawake katika uwanja wa Camp Nou.

Kwa Tanzania sheria ziko wazi kwa waajiriwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri kuhakikisha ujira sawa kwa wanaume na wanawake kwa kazi yenye thamani sawa. Lakini mchezaji anayeitwa timu ya taifa hulipwa posho kwa siku za kambi na bonasi kwa matokeo, na ni vigumu kuiita hiyo ajira. Hapo ndipo uamuzi wa shirikisho unapokuwa na uzito kuliko sheria yenyewe. Posho ya kambi haitegemei televisheni wala kiingilio. Hutoka katika mfuko mmoja, kwa kazi moja, chini ya bendera moja. Kati ya mambo yale matatu, ni hili ambalo kusawazishwa kwake hakuhitaji kumsubiri mdhamini.

Kwa msichana wa Mbulu au Hanang, hata posho hiyo iko mbali. Mlango wake wa kwanza ni mashindano ya shule, UMITASHUMTA kwa msingi na UMISSETA kwa sekondari, na baada ya hapo ngazi zinakuwa chache. Ligi Kuu ya Wanawake ilianza msimu wa 2016/17 na bingwa wake wa kwanza alikuwa Mlandizi Queens ya Pwani. Katika misimu minane iliyofuata, hadi 2024/25, kombe lilipokezanwa na JKT Queens na Simba Queens, zote za Dar es Salaam. Kwa maneno mengine, kwa misimu tisa ubingwa wa wanawake wa Tanzania nzima haukuwahi kuvuka Chalinze.

Mkoa wa Manyara wenyewe umeonja soka la juu hivi karibuni. Msimu wa 2024/25 Fountain Gate ilicheza Ligi Kuu ya wanaume katika Uwanja wa Tanzanite Kwaraa, Babati, na mashabiki wa Katesh waliweza kupanda basi kwa barabara ya lami ya Singida kwenda kuzitazama Simba na Yanga. Kanuni za leseni za CAF nazo huitaka klabu inayoshiriki michuano yake kuwa na timu ya wanawake, jambo linaloweza kuzilazimisha klabu za mikoani, pindi zikifika huko, kutafuta wasichana wa jirani.

Kwa sasa riadha inabaki na faida moja ambayo ni ya kawaida kabisa. Mwanamke wa Haydom anayetaka kujaribu bahati yake katika Kilimanjaro Marathon mjini Moshi anahitaji namba ya kifuani, viatu na nauli ya mtu mmoja. Mchezaji wa soka anahitaji wenzake kumi, walinda mlango wawili, kocha, mpira, uwanja wenye magoli, timu ya kucheza nayo na basi la kuwapeleka wote.