Bustani za Akina Mama: Tulikotoka na Tulipo

Tumetimiza miaka 10, na watu wanatuuliza: nyie akina mama wa mlimani, hela za hisa mnazitoa wapi? Jibu ni bustani. Lakini bustani hizi zina historia, na ni vema vijana wetu waijue.

Hapa Kilimanjaro tumezaliwa kwenye kihamba. Juu miti mikubwa, chini yake migomba, kisha kahawa, na chini kabisa magimbi, maharage na mnafu. Ng'ombe yuko zizini, samadi yake inarudi kwenye migomba. Maji yaliletwa kwa mifongo waliyochimba mababu, kwa zamu. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua ukulima wa kihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia.

Kahawa nayo ilileta neema. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao cha KNPA, na mwaka 1933 kikaja KNCU. Hela ya kahawa ilijenga nyumba za bati na kusomesha watoto. Ila ilikuwa hela ya baba. Mama alipalilia na kuchuma, baba akapokea malipo. Cha mama kilikuwa ndizi, maziwa na mboga. Hivyo ndivyo vilivyonunua chumvi, mafuta ya taa na madaftari.

Mwaka 1989 makubaliano ya nchi mbalimbali ya kugawana soko la kahawa yalivunjika, bei ikaporomoka. Baadaye wengine waling'oa hata mikahawa. Basi kile kibustani cha mama kikawa tegemeo la nyumba nzima. Wengi wetu tulikuwa wasichana, tukabeba mnafu kichwani kwenda Kiboriloni na Mbuyuni.

Ndiyo maana kikundi chetu kimesimama juu ya mboga. Kahawa inangoja msimu, lakini mnafu ukiuchuma unachipua tena, kwa hiyo kila kikao mtu ana chochote cha kuweka. Watoto wanakula mboga ya siku hiyo hiyo, na jirani akijifungua hatuendi mikono mitupu, ndizi za mtori zipo.

Hata hivyo matatizo yapo. Masika kila mtu ana mboga, bei inalala. Kiangazi bei inapanda, lakini maji hayapo, maana mifongo mingi imekauka au imekosa wa kuizibua. Fuko anakata mizizi. Kuku wa jirani anamaliza miche, mpaka watu hawasalimiani! Tumejitahidi kupanda kwa kupishana ili tusifike sokoni wote siku moja.

Kubwa kuliko yote ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi. Lakini kwenye mirathi mila bado inawatazama watoto wa kiume, na vihamba vinagawanywa hadi vinabaki viwanja vya nyumba tu. Mama anaweza kupalilia miaka 30, akifiwa na mume akaambiwa yeye ni mgeni.

Kwa hiyo akina mama, miaka 10 ya kwanza tumeweka akiba kutokana na bustani. Miaka 10 ijayo akiba hiyo iilinde bustani yenyewe. Tusaidiane kufuatilia hati za haki miliki za kimila, na jina la mama liandikwe pamoja na la baba, wote wakiwa hai.

Mungu akibariki kikundi chetu.